Dole la Sitonik

Jumapili, 3 Machi 2024. Ganako

Baba mdogo Clemensi amemshusha Babu Senteu hapa leo saa nane mchana. Tulimtoa kwenye pikapu tukiwa watatu: mimi, yeye, na Mama Hasna mwenye nyumba wangu, ambaye hakuombwa na mtu, aliacha duka lake akaja kushika miguu. Kiharusi kimechukua upande wa kushoto. Mdomo umepinda, lakini maneno bado yanatoka, polepole. Daktari anataka kumwona kila wiki, na kutoka kijijini kwetu ng'ambo ya kreta hadi huku Karatu ni nusu siku barabara ikiwa nzima. Kwa hiyo atakaa kwangu mpaka masika yaishe. Mimi ni mwalimu, sina mume, nina chumba cha pili. Hakuna aliyeniuliza kama naweza.

Kabla ya kuondoka Clemensi akasema, "Tarehe kumi na nane mwezi wa tano tunaipa jina sekondari mpya. Itaitwa Tajewo. Kamati imekubali. Wewe ndiwe mwalimu wa ukoo, utaandika historia yake na utaisoma mbele ya watu."

Tajewo alikuwa baba yake Babu. Waingereza walipotaka watu wetu watoke nyanda za Serengeti, mwaka 1958, wazee waliitwa kutia dole gumba kwenye karatasi. Tajewo, aliyekuwa laigwanani, msemaji wa rika lake, alikataa. Wakamfunga, akakataa. Alitoka mahabusu akiwa wa kufa, akafia njiani. Aliyetia dole ni Sitonik. Kijijini kwetu mtoto hujifunza majina hayo mawili kabla hajajua kuchunga mbuzi.

Nimefurahi kupewa kazi hii. Siwezi kuficha.

Jumanne, 5 Machi

Mvua. Nimefika shuleni na tope hadi magotini.

Alhamisi, 7 Machi

Nimemwomba Babu anisimulie baba yake. Nilitayarisha na daftari. Akasema, "Andika unayoyajua," akageukia ukutani.

Jumanne, 12 Machi

Ramadhani imeanza. Magharibi Mama Hasna ameleta uji wa pilipili manga. Babu amekunywa vikombe viwili. Kwangu hula vijiko vitatu tu.

Jumamosi, 16 Machi

Nimekutana na Simel mnadani. Alikuwa anatafuta turubai. Mvi zimemwingia pembeni mwa kichwa.

Nilikuwa nimesikia kwamba anahama kwa mpango wa serikali wa kuwatoa watu hifadhini, nikamuuliza. Akajibu, "Ndiyo, tumejiandikisha kuhama. Mimi, Marsela na watoto. Lori linakuja mwisho wa mwezi wa tano."

"Watu watasema, Simel."

"Nashipai, watu walianza kusema kabla baba yangu hajazaliwa."

Simel ni mjukuu wa Sitonik. Miaka kumi na tisa iliyopita alituma wazee kwetu kuniomba. Walileta asali na tumbaku. Babu aliichukua ile tumbaku akaimwaga kwenye samadi mbele yao. "Nyumba hii," alisema, "haitoi binti kwa dole." Hakuna nyumba ya Kimaasai iliyompa mke. Mwishowe alioa Mmbulu wa hapa Ganako, Marsela, mwanamke mwema. Mimi nilikwenda chuo cha ualimu, na kila aliyekuja baadaye nilimkuta na kasoro.

Nilimuuliza habari za bibi yake, Koko Nalangu. Yu hai, nyonga inamsumbua. Anasema hahami.

Jumatano, 20 Machi

Babu ameanguka kutoka kitandani. Hakuvunjika. Haniambii alikuwa anakwenda wapi.

Jumapili, 31 Machi. Pasaka

Naandika kila kitu leo, nisije nikasema kesho kwamba sikusikia vizuri.

Nilirudi kanisani, nikampa chai, nikamwambia nimemaliza historia ya Tajewo na ningependa aisikie. Nikasoma. Nilipofika mahali palipoandikwa "na Sitonik, kwa tamaa ya upendeleo wa Mzungu, akauza nchi ya watu wake kwa dole moja," Babu alitoa sauti. Nilidhani anakabwa na chai. Alikuwa analia.

"Futa," akasema.

"Nifute nini, Babu?"

"Hilo la tamaa. Futa."

Kisha akaongea. Ilimchukua hadi saa kumi jioni, maana alikuwa anapumzika katikati ya maneno.

Tajewo alikaa mahabusu siku arobaini. Bwana shauri, yule Mzungu wa wilaya, alikuwa ameweka askari kwenye chemchemi, na ng'ombe hawakufikishwa majini. Ulikuwa mwaka wa ukame. Ndama walikufa kwanza, kisha watoto wawili wa boma la jirani wakafa kwa kuhara. Babu alikuwa na miaka kumi na tisa, morani mwenye nywele ndefu, na ndiye aliyempelekea baba yake maziwa. Walizungumza kupitia tundu la hewa. Siku moja baba yake akamuuliza hali ya ng'ombe, na Babu akamwambia kweli. Tajewo akasema:

"Nenda kwa Sitonik. Ni rafiki yangu, tulitahiriwa siku moja. Mwambie atie dole. Mimi nikitia, kesho watu hawatakuwa na mtu wa kuwasimamia mbele ya Mzungu aseme hapana. Asipotia mtu, hakutakuwa na watu wenyewe. Mwambie nikitoka nitasimama kati ya wazee niseme kwamba neno lilikuwa langu."

Babu alitembea siku moja na nusu. Sitonik alimsikiliza akiwa amesimama. Alimuuliza mara mbili, "Ni yeye aliyesema?" Babu akajibu, "Ni yeye." Sitonik akachukua fimbo yake akaenda akatia dole. Maji yakafunguliwa siku ileile, ng'ombe wakanywa, na baada ya wiki tatu watu wakaanza kuhamia huku juu kwenye kreta.

Tajewo aliachiwa, lakini alikuwa anakohoa damu. Hakufika. Wakamfunika mawe kando ya njia kama wanavyofunikwa wakubwa, na watu walipokuwa wanaweka mawe, mmoja akasema, "Huyu amekufa kwa kukataa, na yule pale amenenepa kwa kukubali." Wakamgeukia Sitonik. Walimpiga kwa fimbo, wakamfukuza kwenye mawe ya rafiki yake.

"Alinitazama mimi," Babu alisema. "Hakujikinga uso. Alinitazama mimi tu, akingoja."

"Na wewe?"

"Niliokota jiwe nikaliweka juu ya baba yangu."

Nikamuuliza kwa nini. Akasema siku ile aliogopa. Siku ya pili alikuwa tayari mtoto wa shujaa, wasichana walikuwa wanaliimba jina la baba yake, na wazee walimpa nafasi ya kukaa. "Nikasema nitalisema mwezi ujao. Halafu baada ya mvua. Halafu Sitonik akafa."

Sikumfuta machozi. Nimeyaacha yakauke yenyewe.

Jumatatu, 1 Aprili

Nimemlisha bila kumtazama.

Ijumaa, 5 Aprili

Mvua siku nne mfululizo. Sijasema naye zaidi ya "kula" na "geuka." Mama Hasna aliniuliza tumegombana nini na mzee wangu. Nikamwambia hakuna. Akasema, "Hakuna gani hiyo inayobamiza milango?"

Namfikiria Sitonik kidogo. Ninayemfikiria zaidi ni mimi, na ile tumbaku kwenye samadi. Babu alijua. Alipokuwa anaimwaga alijua.

Jumatano, 10 Aprili. Idd

Mama Hasna ametuletea pilau. Babu alikula, kisha akaniuliza, "Nalangu yu hai?"

"Yu hai."

"Nipeleke."

Jumamosi, 13 Aprili

Clemensi amekuja na mafuta ya mgongo ya kumkanda Babu. Babu alimwambia yote. Alisema vilevile alivyoniambia mimi, na ile "ni yeye aliyesema" mara mbili. Clemensi alikaa kwenye kigoda na kofia yake mkononi. Babu alipomaliza, Clemensi alitoka nje. Nikamfuata. Tulisimama chini ya bati la jiko, mvua inapiga mpaka ilibidi tupaze sauti.

"Kiharusi kimemchanganya," akasema.

"Baba mdogo, umemsikia mwenyewe."

"Nimesikia mgonjwa." Halafu akashusha sauti, nikalazimika kusogea. "Sikiliza, Nashipai. Wewe unaishi mjini, una mshahara wako. Kule watu wanaamka kila siku wakiulizana nani amejiandikisha. Unajua wanaokaa wanakaa kwa nini? Mwanamke ana watoto sita, hana maji, hana chanjo ya ndama, anasema: Tajewo alikataa. Basi. Hana kitu kingine. Unataka nimwambie Tajewo alikubali?"

"Hakukubali. Alimtuma mwenzake abebe."

"Mweleze hiyo tofauti mtu aliye na njaa."

Miaka yote nimemwona Clemensi kuwa mtu wa kupenda kiti. Leo nimeona anaogopa, na kwamba anachoogopa kipo. Aliondoka bila kuaga, akarudi kutoka kwenye gari, akaingia akamkanda Babu mgongo, akaondoka tena.

Alhamisi, 18 Aprili

Ukingo umeporomoka kwenye barabara ya kreta. Magari yamesimama tangu asubuhi.

Jumatatu, 22 Aprili

Mvua. Babu amekataa dawa. Anasema zinampa usingizi.

Jumatano, 24 Aprili

Daktari amenivuta pembeni. Mapafu yamejaa maji. Akasema kama kuna ndugu walio mbali niwapigie.

Ijumaa, 26 Aprili

Wamefungua upande mmoja wa barabara. Clemensi anakuja leo jioni, tuondoke kesho. Nimemwambia Clemensi kwamba Babu anataka kufia nyumbani, na hiyo ni kweli. Sikumwambia mengine.

Jumapili, 28 Aprili. Kijijini

Jana tuliondoka saa kumi na mbili asubuhi. Babu alilala nyuma juu ya godoro, mimi nikimshika kichwa, turubai juu yetu. Kwenye msitu ukungu ulikuwa mzito hata taa hazikusaidia. Mahali palipoporomoka Clemensi alipita taratibu na mlango wake wazi, ili aruke, nadhani, kama gari litakwenda. Baadaye akafunga mlango. Labda alikumbuka kwamba sisi tusingeweza kuruka.

Tulipofika njia panda, mkono wa kuume kwetu, wa kushoto boma la Sitonik, Babu aligonga bodi ya gari kwa kiganja. Clemensi akasimama.

"Kushoto," Babu akasema.

"Baba, nyumbani ni huku."

"Mimi ndiye ninayekufa. Kushoto."

Clemensi aliegemea usukani muda. Kisha akakata kona.

Boma lao liko mbali na maboma mengine, kama mtu aliyeambiwa akae mwisho wa darasa. Simel alitoka, akatuona, akasaidia kumshusha. Tulimweka Babu kwenye ngozi nje ya nyumba, maana mlango ni mdogo. Koko Nalangu alitoka akijiburuta na fimbo. Niliinamisha kichwa anishike kama desturi. Akanigusa. Lakini Babu, Koko hakumgusa kichwa. Alisimama akimtazama kwa juu.

Babu akaanza. "Mwaka ule baba yangu alinituma..."

"Najua," Nalangu akasema.

Akaegemea fimbo kwa mikono miwili.

"Sitonik aliniambia usiku aliorudi kutoka kutia dole. Nilikuwa mke mpya. Aliniambia, Tajewo akitoka atasema. Tajewo akafa. Akaniambia, mtoto wake atasema. Nikampikia, nikamzalia, nikamwosha walipompiga. Kila akisikia mbwa akibweka alitoka kutazama njia ya kwenu, Senteu. Alitazama miaka ishirini na moja. Nilipomfumba macho yalikuwa yameelekea huko."

"Nimekuja kuomba..."

"Usiniambie mimi! Mimi najua." Aligonga fimbo chini. "Unaomba nini kwangu? Kawaambie waliocheka."

Simel alikuwa amesimama nyuma yake. Uso wake sitausahau. Bibi yake alikuwa hajawahi kumwambia. Aliuliza, "Koko, ulijua?" Akamjibu bila kugeuka, "Ningesema mimi, nani angeamini mke wa dole?"

Kisha akarudi ndani. Babu alijaribu kuinuka. Tulimbeba.

Kabla hatujafika, Babu alinishika mkono kwa ule wake mzima. "Wewe," akasema. "Wewe ndiwe mwalimu."

Jumanne, 30 Aprili

Babu amefariki leo alfajiri. Mvua ilikuwa imekatika. Clemensi alikuwa amemshika miguu.

Ijumaa, 3 Mei

Tumemzika. Watu wengi, wengine nisiowajua. Kila aliyesimama alimwita mwana wa aliyekataa. Nilikaa kimya. Nilijiambia si mahali pake, na nilipojisikia nikisema hivyo niliogopa, kwa sababu ndivyo alivyokuwa anajiambia yeye.

Jumatatu, 13 Mei. Ganako

Clemensi amepiga simu. "Umeandika?" Nikasema nimeandika. "Kile tulichokubaliana?" Nilimsikia akipumua. Akasema, "Mimi nitakuwa nimekaa mbele pale," akakata.

Jumapili, 19 Mei

Jana. Madarasa manne mapya, bado yananuka rangi. Watu walikaa kwenye nyasi, wazee kwenye viti vya plastiki. Simel alimleta Koko Nalangu, wakakaa mwisho kabisa, karibu na tangi la maji. Kulikuwa na nafasi pande zote mbili zao.

Niliitwa. Nilisimama na karatasi, kisha nikaikunja nikaiweka mfukoni. Nikasema kwa Kimaa, maana Kiswahili changu cha shule kingenifanya nionekane nafundisha. Nilisimulia Tajewo na mahabusu, wakapiga makofi. Nilisimulia chemchemi. Kisha nikasimulia tundu la hewa.

Sijui nilichukua muda gani. Nilipofika kwenye mawe na fimbo, mwanamume mmoja alisimama akapiga kelele, "Nani kamlipa huyu? Kamlipa mjukuu wa dole, alikuwa mchumba wake!" Wengine wakacheka. Wengine wakaanza kuondoka na watoto wao. Mzee mmoja wa rika la Babu, asiyeona tena vizuri, akainua fimbo hadi pakawa kimya.

"Clemensi," akasema. "Wewe ndiwe mwana. Senteu alisema hivi?"

Nilimtazama baba mdogo. Neno moja tu, "hapana," na mimi ningekuwa mwanamke aliyechanganyikiwa kwa mapenzi ya zamani. Angebaki na shule, jina na kiti, na watu wake wangebaki na kitu chao cha kushika. Alisimama. Alivua kofia.

"Alisema," akajibu. "Mara mbili. Nami nilimsikia."

Akakaa. Hakuna aliyepiga kofi. Mvua ya rasharasha ilianza, hakuna aliyesogea. Wote walikuwa wanageuka mmoja mmoja kutazama kule kwenye tangi.

Koko Nalangu aliwatazama. Nilidhani atasema kitu, nadhani kila mtu alidhani. Akamwambia Simel, kwa sauti tuliyoisikia sote, "Nipeleke nyumbani. Nyonga inaniuma."

Ijumaa, 24 Mei

Kamati imemwondoa Clemensi. Shule itaitwa Kilimani. Mama Hasna ananiuliza kwa nini nalia, na mimi ndiye niliyetaka.

Alhamisi, 30 Mei

Simel amepiga simu akiwa kwenye lori. Familia nyingine mbili zimejiandikisha wiki hii. Wamesema, kama Tajewo mwenyewe alituma watu wakubali, sisi ni nani. Clemensi alikuwa na haki. Namwambia hivyo hapa kwenye daftari, na nitamwambia usoni.

Nikamuuliza Simel kwa nini asibaki sasa. Wazee walikwenda kwake juzi, walipeleka maziwa, wengine kwa mara ya kwanza katika maisha yao.

"Walikuja," akasema. "Walikaa vizuri, wakanywa chai. Nikawatazama nikaona sina la kuongea nao. Nimezoea kukaa peke yangu, Nashipai. Hilo haliondoki kwa kibuyu cha maziwa."

Kisha mtandao ukakatika, au akakata.

Koko Nalangu amebaki. Amekataa kupanda lori.

Jumamosi, 8 Juni. Kijijini

Likizo. Mvua zimekwisha, kuna baridi na upepo. Nimempelekea Koko sukari na blanketi. Clemensi alikuwa pale kabla yangu, juu ya paa, anaziba mahali panapovuja kwa samadi mbichi. Hakushuka kunisalimia. Nilimpandishia karai, akalipokea. Nilimwambia, "Baba mdogo, ulikuwa na haki kuhusu wanaoondoka." Akasema, "Nipe maji ya kulainishia."

Nilikaa na Koko ndani, moshi mwingi. Nilitaka kuomba msamaha kwa ajili ya Babu, nikakumbuka alivyomjibu yeye. Nikamuuliza kitu kingine.

"Koko, Sitonik alikuwa mtu wa namna gani?"

Alinitazama kama aliyesikia vibaya. Akasogeza kuni moja motoni, akatoa nyingine.

"Hakuna aliyewahi kuniuliza," akasema.

Nje Clemensi aliacha kupaka.

"Alikuwa mrefu," Koko akasema. "Na aliogopa nyuki."